Nywele za mtoto zikikatika, usikimbilie dawa ya protini

Siku hizi neno protini limehamia saluni. Mama akilalamika kwamba nywele zake zinakatika, anaambiwa zimekosa protini. Akimpeleka binti yake wa miaka saba ambaye nywele zimepungua pembeni mwa paji la uso, jibu ni hilohilo: apakwe protini, akae kwenye stima, arudi baada ya wiki mbili. Kwa maoni yangu, ushauri huu mara nyingi unaanzia mahali pasipofaa, na kwa mtoto unaweza kuchelewesha matibabu anayoyahitaji.

Tuanze na unywele wenyewe. Sehemu iliyotokeza nje ya ngozi haina uhai, ndiyo maana kinyozi akikunyoa husikii maumivu. Sehemu kubwa ya unywele ni protini inayoitwa keratini, na juu yake kuna tabaka jembamba lililopangika kama magamba ya samaki. Ndani yake mna maji pia. Protini huupa unywele nguvu, na maji huufanya upinde bila kuvunjika. Kimoja kikizidi na kingine kikipungua, unywele hukatika.

Nywele zetu za kipilipili zina shida yake. Zimejikunja, na kila panapojikunja ni rahisi kuvunjika. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa nayo hayafiki nchani kwa urahisi. Kwa hiyo hukauka upesi kuliko nywele zilizonyooka. Kwa mtu ambaye hajaweka dawa ya kulainisha, hajapaka rangi wala hapigi pasi nywele zake, jambo la kwanza kushuku ni ukavu.

Sisemi protini ya saluni haina kazi. Nywele zilizolainishwa kwa dawa au kuunguzwa na moto huwa na nyufa, na protini iliyosagwa laini huziba nyufa hizo kwa muda. Lakini ukiirudia kila mara kwenye nywele zisizoharibika, zinakuwa ngumu kama waya na kukatika zaidi. Hapo mteja huambiwa protini bado haijatosha, anaongezwa nyingine. Analipia kilekile kinachomharibu.

Kuna kipimo rahisi cha nyumbani, ingawa si cha maabara. Chukua unywele mmoja uliodondoka, uloweshe, uvute taratibu. Ukivutika kidogo na kurudi, uko sawa. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, umekauka. Ukivutika mno kama ubani wa kutafuna kisha ukakatika, umedhoofika, na hapo protini inaweza kusaidia.

Unyevu hauhitaji fedha nyingi. Kumbuka kwamba mafuta si maji. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Ukipaka mafuta juu ya nywele kavu, umefungia ukavu ndani. Lowesha nywele kwanza, paka kondishena, chana kwa chanuo lenye meno mapana ukianzia nchani kuelekea kwenye mizizi, kisha malizia na mafuta kidogo. Mafuta ya nazi, ambayo bibi zetu wa Pwani wamekuwa wakiyatumia miaka yote, yamechunguzwa na wataalamu na kuonekana kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha nywele. Yapake kabla ya kuosha.

Je, yai kichwani? Protini ya yai bichi ni kubwa mno kupenya ndani ya unywele. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Mpe mtoto alile. Unywele unajengwa kwenye mzizi, chini ya ngozi, na malighafi yake inaletwa na damu. Maharage, dagaa, karanga, maziwa na mayai ndiyo protini ya nywele. Hukua takriban sentimeta moja kwa mwezi, kwa hiyo matokeo ya chakula hayaonekani kesho.

Sasa nizungumze na wazazi, maana kuna hali tatu ambazo dawa ya saluni haiwezi kuzitibu.

Ya kwanza ni mapunye. Ukiona viduara visivyo na nywele, magamba na muwasho, huo ni ugonjwa wa fangasi. Fangasi hao huingia hadi kwenye unywele wenyewe, hivyo krimu pekee haitoshi. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya daktari. Asishirikiane chanuo na wenzake. Pakivimba na kutoa usaha, usisubiri, kwa sababu kovu likibaki nywele haziwezi kuota tena hapo.

Ya pili ni kusukwa kwa kukaza. Nywele zikipungua kwenye paji na juu ya masikio, au vipele vikitokea baada ya kusuka, fumua. Mapema hurudi, mtindo huo ukiendelea kwa miaka, mizizi hufa. Mtoto anayelia wakati wa kusukwa hadeki, anaumia. Pia dawa za kulainisha nywele zina kemikali kali zinazoweza kuunguza ngozi. Sioni sababu ya kumpaka mtoto.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Kwa mtoto mdogo, nywele zinazogeuka rangi kuwa kama nyekundu, kuwa nyembamba na kung'oka kirahisi bila maumivu, hasa akiwa na miguu iliyovimba na amepoa, huweza kuwa dalili ya unyafuzi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Atapimwa uzito, miguu na mzunguko wa mkono. Kwa mwenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono chini ya sentimeta 11.5 ni utapiamlo mkali.

Wapo watakaosema mtoto wao alipakwa protini na nywele zikapendeza. Ni kweli, hung'aa kwa siku kadhaa kwa kuwa zimefunikwa kwa nje. Kung'aa huko hakuponyi fangasi wala njaa. Ndiyo maana nawaomba wasusi wetu watenganishe nywele na kutazama ngozi kabla ya kufungua chupa, na wakiona kidonda, magamba au upara, wamwambie mzazi aende zahanati. Wewe mzazi nawe fanya hivyo kila unapomfumua mtoto. Ni kazi ya dakika mbili, na haina gharama.