Baridi Yabisi Haitokani na Baridi

Lugha hulea fikra, na mara nyingine huzipotosha. Maradhi ya viungo tumezoea kuyaita baridi yabisi. Maneno hayo mawili, yenye asili ya Kiarabu, yana maana ya ubaridi na ukavu, nayo yanaturudisha kwenye tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu, iliyopima maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Tiba hiyo imepitwa na wakati, lakini jina limebaki pamoja na imani yake. Ndiyo maana hapa Kahawa Sukari, baridi ya Julai inapoingia, kina mama wenye magoti yanayouma huhimizwa wajifunike blanketi na wasijisumbue kutembea.

Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, lakini hudhuru. Baridi huweza kuongeza maumivu, haili goti. Goti hutegemezwa na misuli, hasa ile ya mbele ya paja, inayoshika uzito wa mwili mtu anapoinuka kitini au anaposhuka ngazi. Ikilegea kwa kukaa, mzigo hukielemea kiungo chenyewe. Mwanamke ana sababu zaidi ya kujihadhari, kwani hedhi inapokoma, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hupungua, na nguvu za misuli na mifupa hupungua nayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa na ugonjwa wa kulika kwa viungo. Asilimia 60 walikuwa wanawake, na goti ndilo lililoathirika zaidi.

Huenda msomaji akauliza: mama aliyechuma kahawa Ruiru na kubeba kuni miaka yote ana haja gani ya mazoezi? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, kazi ya sulubu hukichosha kiungo bila kuipa misuli nafasi ya kujijenga. Mazoezi ni kazi yenye kipimo: kuinuka kitini mara kadhaa bila kujishikilia, au kunyoosha mguu ukiwa umeketi na kuushikilia kwa muda. Shirika hilo hupendekeza mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Hayahitaji fedha. Goti lililovimba au linalokwama lionwe na daktari kwanza.

Walimu wenzangu, msikigeuze kipindi cha mazoezi ya viungo kuwa cha hisabati. Msichana huweka akiba ya uzeeni katika kipindi hicho. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, huvukwa kwa madaraja ya juu. Mama asiyeweza kuyapanda hubaki ng'ambo moja, au huhatarisha maisha yake kati ya magari. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuwasaidie mama zetu wabaki na magoti ya kuinamia, na ya kuinukia.