Nani Anakiona Kilimia?

Nilipofanyiwa upasuaji, daktari wa nusu kaputi aliniambia nihesabu. Nilifika nne. Nilichosikia tena ni muuguzi akiniita jina, na saa ya ukutani ilikuwa imekwenda saa tatu nzima. Usingizi wa kawaida hukuachia walau hisia kwamba usiku umepita. Huu haukuniachia kitu, hata giza. Moyo ulikuwa ukidunda, damu ikizunguka. Mwenyewe tu ndiye sikuwepo.

Toleo hili kuhusu fahamu lilianzia pale kitandani.

Tumezoea kuusema ulimwengu kama nyumba, na fahamu kama mpangaji aliyehamia. Naona tunakosea. Mwaka 1957 Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walieleza jinsi elementi nzito zinavyopikwa ndani ya nyota. Chuma kilichomo mwilini mwa mtu mzima, gramu nne hivi, asili yake ni huko. Fahamu haikuletwa kutoka nje, imechipuka humuhumu.

Lakini imechipukaje? Tazama Kilimia usiku wa Januari, kile kishada cha nyota ambacho wakulima walikifuata kujua majira, hata kikabeba jina la kulima. Mwanga wake umesafiri miaka 440 hivi; ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Leo unaingia kwenye mboni, unageuzwa umeme nyuma ya jicho, unapita kwenye neva hadi kwenye ubongo wa kisogoni. Njia yote hiyo inaelezeka. Kisha mtu anasema, "Nakiona," na hapo maelezo yanakatika. Mwanafalsafa David Chalmers alilikazia swali hilo mwaka 1995: kwa nini kazi ya ubongo iambatane na kuhisi chochote?

Wapo wanaodai fizikia ya kwanta imethibitisha kwamba ulimwengu mzima una fahamu. Haijathibitisha. Wapo pia wanaosema ni ubongo tu, basi, ilhali dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846 na hadi leo wataalamu wanabishana inazimaje fahamu.

Kwa hiyo niliwaomba waandishi wetu waanze na walichokiona na kukihisi, nadharia ifuate. Yule muuguzi aliniambia baadaye kwamba aliniita mara mbili. Mara ya kwanza sauti ilifika sikioni. Ya pili ilinifikia mimi.