Maelekezo ya kuunda: kwa nini kitivo cha lugha kinahitaji gundi na mikebe

Mwanafunzi wa lugha akionekana ana gundi, wembe na kipande cha msasa, wenzake humcheka. Hiyo, wanasema, ni kazi ya watoto, au ya watu wa ufundi. Mimi nadai kinyume. Kuunda modeli, yaani kutengeneza gari, meli au nyumba ndogo kwa kufuata vipimo vya ile kubwa, ni zoezi la lugha linalozidi mengi tunayopewa darasani. Kitivo chetu kingefaa kuliingiza katika somo la tafsiri na istilahi.

Kwa wasioujua mchezo huu, maelezo mafupi yatatosha. Modeli ya plastiki huuzwa katika boksi ikiwa bado haijaundwa. Ndani mna fremu za plastiki, na kila fremu imeshikilia vipande vyenye namba kama tawi linavyoshikilia matunda. Pamoja nazo kuna karatasi ya maelekezo. Mwundaji hukata kipande, husugua kovu lililobaki, hukijaribisha mahali pake bila gundi, hukiunga, kisha hupaka rangi. Skeli huandikwa juu ya boksi: 1/72 maana yake sentimita 1 ya modeli ni sentimita 72 za kitu halisi. Kampuni ya Airfix ilianzishwa London mwaka 1939, na modeli yake ya kwanza ya aina hii, mwaka 1949, haikuwa ndege ya kivita: ilikuwa trekta ya Ferguson, iliyoagizwa kwa ajili ya wauzaji wa matrekta hayo. Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 na biashara ya mbao, ndipo ikahamia kwenye modeli.

Mongbwalu, nilikokulia, maboksi hayo hayajai madukani. Kazi yenyewe lakini ipo, na ni ya zamani. Mtoto huchukua waya, mikebe ya sardini na soli ya kandambili iliyokatika, akatengeneza lori lenye ekseli, usukani wa waya mrefu na magurudumu yanayokata kona kweli. Hana karatasi ya maelekezo. Maelekezo yako mdomoni mwa kaka yake. Shika hapa, kunja, pitisha chini, kaza, usikaze mno, legeza kidogo, sasa sukuma. Sikilizeni mfululizo huo vizuri, kwa maana ndani yake kuna jambo ambalo vitabu vyetu vya istilahi vinalipita bila kulitazama.

Tukizungumzia istilahi za ufundi, mara nyingi tunazungumzia majina. Tunahuzunika kwamba fundi wa Ituri anasema buloni, moteri na gidoni, maneno ya Kifaransa yaliyovaa irabu zetu, na tunakaa mezani kubuni majina ya kuyafukuza. Lakini mtazameni fundi huyo anapofanya kazi. Jina la kitu limetoka Ulaya. Tendo halijatoka huko. Buloni anaikaza au anailegeza. Moteri anaifungua, anaisafisha, anaifunga. Kifaransa kimemletea vitu, ila mikono yake imebaki katika Kiswahili. Katika machimbo ya dhahabu lugha imekwenda hata upande wa pili. Kule Kamituga, Kivu Kusini, wanawake wanaotwanga mawe yenye dhahabu huitwa hata kwa Kifaransa *twangaises*. Hapo ni kitenzi chetu kilichoazimwa, na Kifaransa kimeongeza mkia tu.

Kwa hiyo, anayetaka kujua utajiri wa Kiswahili cha ufundi asianze na majina, aanze na vitenzi. Na hakuna mahali vitenzi hivyo vinapobanwa kama katika kuunda modeli. Mtu anayeandika maelekezo ya kuunda hawezi kujificha nyuma ya neno la jumla kama "unganisha". Kubandika ni kuweka kitu juu ya uso wa kingine kikagandamana. Kuchomeka ni kuingiza chenye ncha ndani ya tundu. Kupachika ni kukiingiza kitu katika nafasi yake kikabanwa. Kushikiza ni kukiunga kwa muda, kabla ya kukaza. Hilo la mwisho ndilo hasa mwundaji wa modeli anafanya anapojaribisha kipande bila gundi, na nimesoma tafsiri ambamo tendo hilo limeelezwa kwa maneno saba kwa sababu mfasiri hakukumbuka kwamba mama yake, akishona, analo neno moja.

Tena kuna kinyume chake. Walimu wetu wanatufundisha kauli ya kutendua kwa jedwali: funga, fungua, bandika, bandua, chomeka, chomoa, pachika, pachua, kunja, kunjua. Tunaikariri, tunafaulu mtihani, tunaisahau. Mbele ya modeli jedwali hilo linageuka kuwa kanuni ya kazi: kilichochomekwa kitachomoka, lakini kilichogandishwa kwa gundi hakina kitenzi cha kukirudisha salama, kitavunjika tu. Sarufi inakuonya kabla mkono haujakosea.

Historia ya mkoa wetu inatupa mfano mkubwa zaidi wa kitu cha vipande. Mwaka 1887 msafara wa Stanley ulipita katika msitu wa Ituri ukielekea Ziwa Albert kumtafuta Emin Pasha. Ulibeba boti ya chuma iitwayo Advance, yenye urefu wa futi 28, yaani karibu mita 8.5, iliyogawanywa vipande 12, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban kilo 34. Wapagazi walio wengi walitoka Unguja. Penye maji boti ilifungwa, penye nchi kavu ilifunguliwa na kupandishwa vichwani na mabegani. Hatimaye iliachwa Ipoto, na mwaka 1888 ikachukuliwa tena hadi ziwani. Msafara huo haukuwa wa kusifiwa: wapagazi wengi walikufa kwa njaa, maradhi na mishale, na vijiji viliporwa. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha, tukio hilo lina swali ambalo halijaulizwa vya kutosha: kazi ile ya kufunga na kufungua, iliyorudiwa mara nyingi, ilisemwaje? Vitabu vya msafara vimeandikwa kwa Kiingereza. Waliobeba vipande walikuwa wasemaji wa Kiswahili, na maneno yao ya kazi hakuna aliyeketi kuyaandika.

Hapo ndipo kuna hasara tunayoweza kuirudia. Mafundi wa Mongbwalu wanaozeeka leo, waliojifunza kwa mashine za Kilo-Moto, wana msamiati ambao haumo katika kamusi yoyote iliyo mezani petu. Watoto wa lori la waya wana wao. Kijana akiingia shimoni kutafuta dhahabu akiwa bado mdogo, anaacha waya, na maneno ya waya yanabaki bila mrithi. Sisi, tunaolipiwa karo ili tusome lugha, tutakuja baadaye na semina ya kubuni istilahi mpya mahali pa zile tulizoziacha zife.

Najua pingamizi mbili, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni gharama. Boksi la Japani au la Uingereza ni anasa, na mwanafunzi anayekosa nauli ya kwenda Bunia hawezi kuambiwa anunue plastiki ya kuchezea. Kweli kabisa. Ila modeli si lazima itoke katika boksi. Bodys Isek Kingelez, Mkongomani aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki 2015, aliunda miji mizima kwa karatasi, kadibodi na vifungashio alipokuwa akiishi Kinshasa. Mwaka 2018 jumba la MoMA la New York liliiandalia miji hiyo maonyesho. Karatasi ilimtosha yeye. Na sisi itatutosha.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Sehemu kubwa ya modeli za plastiki ni vifaru, ndege na meli za vita. Je, Ituri, ambako watu wamekimbia silaha halisi, na ambako Mongbwalu yenyewe ilipiganiwa mwaka 2002 na 2003 kwa ajili ya dhahabu yake, kijana akae jioni akipaka rangi kifaru kwa burudani? Wapo watakaojibu kwamba ni historia tu. Mimi jibu hilo halinitoshi. Anayeishi mbali na vita anaweza kukitazama kifaru kama umbo. Hapa bado kina sauti. Lakini hiyo ni hoja juu ya kitu gani kiundwe, si juu ya kuunda. Trekta ya mwaka 1949 inatukumbusha kwamba mchezo huu haukulazimika kuanza na bunduki. Tuunde kinu cha kusagia mawe, pampu ya maji, daraja, pikipiki ya kubebea abiria. Kuchagua cha kuunda ni sehemu ya elimu.

Pendekezo langu basi ni hili, na halihitaji bajeti. Katika somo la tafsiri, darasa ligawanywe makundi mawili. Kundi la kwanza liunde boti ya Advance kwa mikebe na kadibodi, vipande 12, kwa skeli ya 1/35, itakayokuwa na urefu wa sentimita 24 hivi. Kisha liandike maelekezo ya kuiunda kwa Kiswahili, bila picha hata moja. Boti itenguliwe, na vipande pamoja na karatasi vipewe kundi la pili, ambalo halijaiona. Waandishi wakae kimya. Kipande kikikaa upande usio wake, tusimlaumu mwenye mkono; tutafute sentensi iliyomdanganya. Kabla ya kuandika, kila mwanafunzi awe amekwenda kwa fundi mmoja, mjini au mgodini, akamsikiliza akifanya kazi na kuandika vitenzi kumi jinsi alivyovisikia, pamoja na jina la Kifaransa la kitu kilichokazwa au kulegezwa.

Mwalimu atapata njia ya kusahihisha tafsiri isiyotegemea ladha yake. Mwanafunzi atajua kwamba usahihi wa lugha unaweza kupimwa kwa milimita. Na fundi, ambaye kwa kawaida tunamwendea na pikipiki mbovu tu, atatuona tumemwendea kwa ajili ya maneno yake. Muhula ujao una majuma ya kutosha kujaribu. Mikebe nitaleta mimi.