BARUA ISIYOTUMWA

Wako watu wadhanio kwamba mfanyakazi akishapata sheria nzuri amekwisha pata haki yake. Wenye dhana hiyo na watazame mashitaka ya wachimba mafuta wa Marekani wanaodai malipo ya saa za ziada, waone jinsi deni lililo wazi kama mchana liwezavyo kuwekwa mlangoni mwa mahakama hata likafa lenyewe, bila ya mtu yeyote kulikana.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1938, nayo ilitiwa sahihi na Rais Roosevelt. Yasema kwamba mfanyakazi akizidi saa 40 katika juma, kila saa iliyozidi ilipwe mara moja na nusu. Katika visima vya Texas na North Dakota, na katika mitambo iliyo baharini, ni jambo la kawaida mtu kufanya kazi saa 12 kwa siku, siku saba mfululizo, yaani saa 84 kwa juma. Makampuni mengi yamezoea kumlipa kwa siku, saa zipite zitakavyo. Kampuni ya Helix ilimlipa msimamizi wake mmoja wa mtambo baina ya dola 963 na dola 1,341 kwa siku, kisha ikasema kwamba huyo ni mkubwa mwenye mshahara, hastahiki ovataimu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, majaji sita dhidi ya watatu, ilikataa hoja hiyo: malipo ya siku kwa siku tu si mshahara kwa maana ya kanuni.

Basi ikiwa haki ni dhahiri hivi, mbona wengi hawaipati? Sababu ilizaliwa mwaka 1947. Mwaka uliotangulia Mahakama ya Juu ilikuwa imewafungulia njia wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, mashitaka yakafurika, na waajiri wakapiga kelele. Bunge likaamuru kwamba hapana atakayeingia katika dai la wenzake illa atie sahihi yake mwenyewe, na karatasi hiyo iwekwe mahakamani. Na deni la ovataimu hufa baada ya miaka miwili, au mitatu ikithibitika kuwa mwajiri aliivunja sheria kwa kusudi au kwa kutojali. Mtego upo hapa: saa ya kila mtu haisimami siku mwenzake aliposhitaki. Husimama siku karatasi yake yeye ilipofika.

Na tufanye hesabu. Tuseme mtu alipwa dola 300 kwa siku. Kwa juma ni dola 2,100, ambazo ukizigawa kwa saa 84 ni dola 25 kwa saa. Kwa kuwa saa zote zimekwisha lipwa mara moja, hudai ile nusu tu, dola 12.50, kwa saa 44 zilizozidi. Hizo ni dola 550 kwa kila juma la kazi. Ikiwa hufanya majuma mawili na kupumzika mawili, kila miezi sita ambayo kesi yabishaniwa pasipo yeye kuwa na khabari humpotezea dola 7,150. Wakili wa kampuni hana haja ya kushinda, amtosha kuahirisha. (Naye, aghalabu, hulipwa kwa saa.)

Ndiyo maana vita vyote ni juu ya barua. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliruhusu majaji kusimamia kupelekwa taarifa kwa wafanyakazi “wenye hali moja”, lakini haikueleza hali moja ni ipi. Mahakama nyingi zikafuata njia iliyotokea New Jersey mwaka 1987: ushahidi kidogo watosha barua itoke, na uchunguzi mkali uje baadaye. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya New Orleans, ambayo Texas na Louisiana zi chini yake, ikaifuta njia hiyo. Sasa jaji wa huko lazima achunguze kwanza kama watu hao wana hali moja kweli. Cincinnati mwaka 2023 wakataka ushahidi wenye nguvu zaidi. Chicago mwaka 2025 wakashika njia ya katikati. Sheria ni moja, na milango ni minne. Tena mwaka 2019 New Orleans ilikwisha amua kwamba aliyetia sahihi mkataba halali wa kwenda kwa msuluhishi peke yake asipelekewe barua hiyo.

Makampuni yana hoja, wala si haki kuificha. Yasema kwamba barua yenye muhuri wa mahakama hutisha, hukusanya watu wasiohusika, na humlazimisha mwajiri kulipa ili apate kupumua tu. Huenda mara nyingine ikawa hivyo. Lakini aliyeandikishwa bure aweza kutolewa baadaye kwa amri ya jaji, na aliyekosa khabari hakuna amri itakayomrudishia majuma yaliyokwisha kufa.

Tena dawa yajulikana huko huko. Tangu mwaka 1974, katika mashitaka ya kundi ya namna nyingine, kesi ikifunguliwa saa husimama kwa kundi zima, hata kwa asiyejua kitu, mpaka jaji aamue kama kundi lipo. Mfanyabiashara aliyeuziwa bidhaa kwa bei ya hila hupata hifadhi hiyo. Mchimba mafuta anayedai ovataimu haipati. Wapo majaji waliomsimamishia saa kwa kuona dhulma, na wapo waliojibu kwamba kuchelewa kwa mahakama ni jambo la kawaida, wala si udhuru. Bunge lililoandika masharti ya mwaka 1947 laweza kuongeza mstari mmoja: siku wa kwanza anaposhitaki, saa isimame kwa wote.