Sensa ya oksijeni kabla ya turbo? Jamani, acheni!

Leo siandiki kuhusu programu. Au tuseme naandika, maana ugonjwa ni uleule: data mbaya ikiingia, uamuzi mbaya hutoka.

Rafiki yangu wa Wote ana Subaru Forester ya turbo. Aliipeleka gereji moja kufungwa sensa ya oksijeni ya kupima uwiano wa hewa na petroli, kisha kompyuta ya gari ipangwe upya. Nilimuuliza fundi ameichomelea wapi.

"Hapo kwa manifoldi, boss, kabla ya turbo. Moshi bado ni mbichi, inasoma fiti."

Nikanyamaza. Kosa langu hilo. Wiki mbili baadaye gari lilikuwa likipanda kutoka Mto Athi kwenda Ikutha, barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, likaanza kutoa moshi wa buluu na kupoteza nguvu. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imevunjika kati ya ringi. Na rekodi za kompyuta? Safi kabisa! Kila mstari ulisema petroli ni ya kutosha.

Rekodi zilidanganya, na sababu inajulikana. Sensa hizi za kisasa, kama Bosch LSU 4.9, hupima kwa kusukuma oksijeni kupitia kauri yenye joto. Mkondo wa umeme unaohitajika ndio unaogeuzwa kuwa namba. Lakini mkondo huo hubadilika na presha ya moshi, na Bosch wenyewe wameweka hesabu ya kusahihisha hilo katika maelezo ya sensa. Kabla ya turbo, moshi umebanwa. Turbo ikisukuma kwa nguvu, presha hapo inaweza kufikia ile ya hewa inayoingizwa kwenye injini, hata kuipita. Presha ikipanda, sensa hutia chumvi: palipo na petroli nyingi, itasema ni nyingi zaidi ya ukweli.

Sasa fikiria. Uwiano kamili wa petroli ni hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito. Turbo inapofanya kazi ngumu tunataka petroli zaidi, tuseme 11.5, ili kupoza chumba cha kuchomea. Saa inaonyesha 10.8. Fundi anaona petroli inapotea bure, anapunguza mpaka saa isome 11.5. Ukweli ndani ya silinda sasa uko karibu na 12 na zaidi. Mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, pistoni inapigwa nyundo. Yaani makosa ya sensa yanaelekea upande uleule unaoua injini!

Kuna joto pia. Kikomo cha moshi kwa LSU 4.9 katika kazi ya kawaida ni nyuzi 930 za Selsiasi. Manifoldi ya turbo kwenye mlima mrefu, jua la Ukambani likiwaka, inaweza kufika huko. Unanunua sensa ya bei ghali ili uichome.

Najua majibu yenu.

"Lakini Subaru wenyewe waliweka kabla ya turbo!" Kweli, kwenye injini nyingi za EJ20 za turbo. Lakini kompyuta ya magari hayo husikiliza sensa ile ukiendesha polepole. Ukikanyaga mafuta yote, inaiacha na kufuata jedwali lililopangwa kiwandani. Wewe unaitegemea palepale ambapo Subaru waliacha kuiamini.

"Baada ya turbo moshi umepoa." Sensa ina hita yake ndani.

"Itachelewa kusoma." Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Hupangi roketi.

"Sensa zinakufa tu, mafuta yetu mabaya." Hiyo ilikuwa kweli enzi za petroli yenye risasi, ambayo ilizifunika na kuziua. Kufikia 2006 Kenya ilikuwa imeachana nayo. Tafuteni kisingizio kingine.

Haya basi, mahali pake ni hapa. Baada ya turbo, kama sentimita 60 hadi 90 kutoka mdomo wake, na kabla ya kichujio cha moshi kama bado hujakiuza. Nati iwe nusu ya juu ya bomba, sensa ikiinuka angalau digrii 10 kutoka usawa, maana maji ya asubuhi yakiikusanyikia, kauri itapasuka. Hakikisha hakuna maungio yanayovuja kabla yake. Na usiiache ndani ya bomba bila umeme, masizi yataiziba.

Tulipojenga injini upya tuliihamisha. Kwa mwendo mdogo namba zilifanana na za zamani. Turbo ilipoanza tu kusukuma, kwa mzunguko na presha zilezile, sensa ilionyesha petroli kidogo kuliko rekodi za zamani. Tuliachia mafuta haraka, tukarudi kupanga upya.

Nati ile ni kazi ya nusu saa kwa mchomeleaji yeyote wa jua kali Kitui au Wote. Injini ilimgharimu rafiki yangu akiba ya mwaka mzima. Fundi, sogeza mkono wako sentimita chache nyuma. Na wewe mwenye gari, uliza kabla moto haujawashwa. Mimi sikuuliza mara ya pili.