Kidonge bila choo ni kumdanganya mtoto

Kampeni ya dawa ya minyoo inapopita Bunia, mambo huenda namna moja. Watoto wanapanga mstari, kila mmoja anatafuna kidonge chake cha albendazole au mebendazole, hesabu inaandikwa kwenye daftari, na jioni kazi inatangazwa kuwa imeisha. Mtoto anarudi kambini Kigonze. Anachezea udongo uleule na kuchota maji kwa bidoni ileile. Baada ya miezi michache tumbo linavimba tena, na mama anaambiwa kwamba hajui usafi.

Kidonge si kibaya. Kinaua minyoo iliyo tumboni leo, na mzazi anayemficha mtoto wake siku ya kampeni anamkosea. Kibaya ni kusema kwamba kidonge kinatosha. Hakimlindi mtoto na yale atakayomeza kesho. Tena mnyoo wenyewe umeshatoa ushahidi wake.

Ile minyoo mikubwa ya mviringo, myeupe, mirefu kama kalamu au zaidi, wataalamu wanaiita Ascaris. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kwamba iko ya aina mbili: Ascaris lumbricoides ya watu na Ascaris suum ya nguruwe, kila moja na nyumba yake. Mwaka 2020, jarida la eLife lilitoa kazi ya watafiti waliosoma minyoo 68 iliyotoka kwa watu 60 katika vijiji vya Kenya. Kati ya mambo waliyoyasoma ni mitokondria. Hivyo ni vyumba vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu ya mwili, na vina maandishi yake ya urithi, mafupi, herufi kama 14,000 tu kwa mnyoo huu. Maandishi hayo hupita kwa mama. Ukiyasoma, unajua ukoo wa upande wa mama.

Jibu lilikuwa hili: minyoo 63 kati ya 68, ukoo wake wa mama ulikuwa karibu zaidi na mnyoo wa nguruwe kuliko ule wa mtu. Na yote ilitoka matumboni mwa watu. Zaidi ya hapo, katika vijiji hivyo wafugaji wa nguruwe ni wachache. Urithi uliobaki ulionyesha mchanganyiko wa pande zote mbili. Ile nyumba ya mtu na ile ya nguruwe zilikwisha kuoana zamani.

Bunia inafundishwa nini hapo? Kwanza, mpaka kati ya mnyoo wa nguruwe na mnyoo wa mtu si ukuta wa kutegemea. Pili, mahali penye nguruwe wachache, mnyoo huo mchanganyiko unaendelea kupita kutoka mtu hadi mtu. Gari lake ni kinyesi kilichoachwa juu ya udongo. Kwa hiyo anayetibu watoto peke yao, bila kugusa vyoo na bila kugusa mazizi, anafunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitatu.

Visingizio vinajulikana. Cha kwanza: wahami ni wachafu. Mtu aliyekimbia Djugu usiku, watoto mgongoni, tangu vita iliporudi mwezi wa 12 mwaka 2017, hakuchagua kupanga foleni ya choo na majirani asiowajua. Sphere, kitabu cha kanuni ambacho mashirika ya misaada yanakifuata, kinataka choo kimoja kwa watu 20. Siku za kwanza za hatari kinakubali watu 50. Siku za kwanza si miaka. Kabla ya kumhukumu mama, mtu apite kambini ahesabu milango ya vyoo, kisha ahesabu watu, na aone ni vyoo vingapi vimeshajaa.

Cha pili: nguruwe ni mambo ya mwenyewe. Ni kweli, kwa familia nyingi nguruwe ni benki: ndiye karo ya shule, ndiye pesa ya hospitali. Hakuna anayetaka wauawe. Kinachotakiwa ni wafungiwe zizini badala ya kuzunguka nyuma ya nyumba wakila kinyesi cha watu na kuacha chao penye watoto. Na daktari wa mifugo akae meza moja na watu wa afya siku ya kupanga kampeni. Leo kila mmoja ana ofisi yake, wakati mnyoo hauna ofisi.

Cha tatu: pesa hakuna. Basi wafanye hesabu. Mnyoo jike mmoja unaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Yai likikaa majuma mawili au matatu kwenye udongo wenye unyevu, liko tayari kuingia mtu mwingine, na linaweza kuishi humo miaka. Hata klorini inayotiwa kwenye maji haliui kwa urahisi. Kununua vidonge kila mwaka bila kuchimba vyoo ni kujaza bidoni iliyotoboka. Hiyo ndiyo hasara.

Tena wako watoto ambao hata kidonge kinawapita. Kampeni ikigawiwa shuleni, mtoto mhami asiye na karo hayupo kwenye mstari. Yeye ndiye mwenye haja zaidi, naye ndiye asiyehesabiwa.

Wazazi wanayo sehemu yao: kunawa kwa sabuni au majivu baada ya choo na kabla ya kula, kuosha vizuri mboga na matunda yanayoliwa mabichi, kuchemsha maji, kutupa kinyesi cha mtoto mdogo chooni na si nyuma ya hema. Wengi wanafanya hayo tayari. Lakini mama hawezi kuchimba vyoo vya kambi nzima kwa jembe lake. Kazi hiyo ni ya serikali ya jimbo, ya zone za afya na ya mashirika yanayoandika ripoti kwa jina la wahami.

Kwa hiyo siku kampeni itakaporudi, viongozi wa kambi na machifu wa kartie waulize swali moja mbele ya watu wote, kabla mtoto wa kwanza hajafungua mdomo: tangu kidonge kilichopita, ni vyoo vingapi vimeongezeka? Jibu liandikwe kwenye daftari lilelile, kando ya hesabu ya vidonge.