Pikipiki Ibaki Getini, Mtu Aingie

Ndugu zangu wa Murungu,

Naambiwa mvua haikuwanyima mwaka huu, maharage yametoka, na lami ya barabara ya Kasulu inasogea. Nimefurahi kwa hayo. Sasa nisikilizeni, maana nimekasirika na sitaki kujifanya sijakasirika.

Juzi nilikuwa natazama taarifa ya habari ya nyumbani kwenye simu, kama ninavyofanya kila nikitoka zamu ya usiku. Kiongozi mmoja kasimama mbele ya vipaza sauti anawalaumu Watanzania kwamba hawatembelei hifadhi zao. Hatuna utamaduni wa utalii, anasema. Taarifa haijaisha, ikaingia sauti ya mpwa wangu, nyuma yake malori na upepo: "Mjomba, wamenirudisha getini. Pikipiki haiingii." Geti silitaji, wala askari aliyemrudisha simlaumu, kafuata alichoagizwa. Nawalaumu waliomwagiza. Na ninyi nina maneno yenu, subirini.

Mnamjua huyo kijana, na mlimcheka wote. Alipokiaga kijiwe cha bodaboda, akafunga tyubu mbili, pampu, vifaa vya kuziba pancha na kidumu cha mafuta nyuma ya Boxer, mkasema amechanganyikiwa: nani anachoma petroli kwenda kuangalia wanyama ambao babu zake walikuwa wanawakimbia? Mwingine akasema hana uchungu na pikipiki kwa kuwa kanunuliwa na mjomba wa Marekani. Ni kweli nilimnunulia mimi. Hiyo pikipiki ni zamu nyingi za kuwageuza wazee wa watu kitandani saa nane za usiku hapa Denver, wakati wazee wetu huko mnawageuza ninyi. Nalijua hilo, hamna haja ya kunikumbusha.

Safari aliipanga vizuri kuliko mipango mingi inayotoka ofisini. Murungu hadi Kasulu, Kasulu hadi Kigoma. Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, Iringa, Mikumi. Kurudi apitie Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, ashuke Kibondo. Nchi nzima karibu, na hifadhi njiani zimepangana.

Ya kwanza ikawa Gombe. Pikipiki aliiacha Kibirizi kwa mama mmoja muuza migebuka, akapanda boti ya abiria ile inayokwenda vijiji vya kaskazini mwa ziwa, katikati ya magunia na mapipa ya mawese. Anasema abiria wote walimshangaa aliposhuka. Wanapita ufuko huo maisha yao yote, na kwao Gombe ni kipande cha msitu kinachoonekana upande wa kulia ukienda Mwamgongo. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, akakaa, akawatazama sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa, na elimu ya binadamu ikalazimika kujirekebisha. Alipofariki Oktoba 2025, humu kazini nilipewa pole. Mzee mmoja ninayemhudumia aliniuliza kama na mimi nimewahi kuwaona hao sokwe, maana anajua natoka Kigoma. Nilimwambia sijawahi. Akadhani hajanisikia vizuri, akauliza tena.

Katavi alipita juu ya pikipiki, kwa sababu barabara kuu ya Mpanda na Sumbawanga inakatiza ndani ya hifadhi na huwezi kumzuia mtu kwenye barabara kuu. Ukitoka Sitalike unaambiwa usisimame, nao mbung'o wanakusindikiza, wanauma hadi juu ya jaketi. Kaona twiga. Kaona viboko mtoni Katuma wamebanana kwenye tope. Bure kabisa, na hakuna aliyekufa. Mikumi ni vilevile: barabara ya Dar es Salaam na Zambia inapita katikati ya hifadhi hiyo iliyoanzishwa 1964, kiasi cha kilomita 50, bodaboda na malori ya shaba vinapita pamoja usiku na mchana. Pembeni kuna ubao wa faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake, na bei ni za dola. Tembo wanavuka mbele ya taa ya Boxer. Ila ukikata kona kuingia getini, pikipiki ileile iliyotoka kupishana na tembo inageuka kuwa hatari kwa usalama wako.

Sasa niwaambie cha huku kilichonichoma. Jirani yetu hapa kuna hifadhi inaitwa Rocky Mountain, ya tangu 1915, na ndani yake kuna barabara ya lami inayopanda hadi mita 3,713. Nilipelekwa na wenzangu wa kazini. Tupo kwenye foleni ya getini, mbele yetu mzee na mkewe juu ya Harley-Davidson, rika lilelile la wale ninaowavalisha soksi. Kwenye kibanda bei ya pikipiki imeandikwa chini ya bei ya gari. Wakalipa, wakawasha, wakapanda mlima. Ndani kuna dubu, na elki wenye pembe kama matawi ya mti. Nilijikuta nawachukia wale wazee bila sababu.

Mtanijibu huku hakuna simba. Sawa. Tena nawaambia wazi, mimi sitaki pikipiki ziingie Serengeti. Kelele zake nazijua, na wale vijana wanaochomoa vizuia sauti ili wasikike Kibondo nzima nawajua kwa majina. Ninachotaka ni kitu kidogo ambacho kingekuwa kimeshafanyika kama wakubwa wetu wangewahi hata mara moja kufika getini kwa usafiri usio wa serikali: kila geti kubwa liwe na gari la hifadhi lenye saa maalumu na tiketi ya kiti kimoja kimoja. Ufike kwa pikipiki, kwa basi au kwa miguu, ulipe kiingilio, ulipe kiti, upande, uzungushwe, urudishwe.

Maana kinachomfungia Mtanzania nje siyo kiingilio. Mtanzania analipa kwa shilingi, na ni hela ambayo bodaboda mwenye siku nzuri anaweza kuitoa mfukoni akaguna tu. Kinachomfunga ni gari. Kukodi Land Cruiser ya kuzunguka siku moja ni laki kadhaa, na dereva wake, na mafuta yake. Kwa hiyo tumeweka mlango wa bei nafuu, kisha tukasema lazima upite umekaa kwenye kitu usichoweza kukilipia. Halafu tunasimama mbele ya vipaza sauti tunasema watu hawana utamaduni.

Gari hilo liweje? Liwe Coaster au lori lililotengenezwa viti, lenye madirisha makubwa, liondoke saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri, wawepo watu watatu au ishirini na watatu. Lisisubiri kujaza. Likianza kusubiri kujaza limekufa, litageuka daladala na kondakta atatokea pasipojulikana. Askari wa hifadhi akae mbele aeleze. Pale getini pawe na banda la pikipiki lenye mlinzi na kibati cha namba, ili mtu asikae ndani anawaza cheni yake badala ya kutazama chui. Bei ibandikwe ukutani kwa herufi zinazosomeka, kwa shilingi. Wanafunzi wapewe viti vya asubuhi za siku za kazi, wageni wakiwa wachache. Na Kibirizi iwepo boti ya hifadhi inayokwenda Gombe na kurudi siku hiyohiyo, maana boti za abiria hazifuati ratiba ya mtalii, na kulala kule ni gharama nyingine.

Waanze na matatu tu. Mikumi, kwa sababu mabasi ya nusu ya nchi yanapita mlangoni pake. Katavi, pale Sitalike. Na hiyo boti ya Gombe, kwa ajili yetu sisi Waha tunaosifiwa kwa sokwe tusiowajua.

Watasema hakuna anayefanya hivyo. Katika hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, mabasi ya hifadhi yanabeba watu tangu mwaka 2000, na msimu wa wageni wengi gari lako binafsi halipiti bondeni. Watasema basi si la kuingia mbugani. Mbona mabasi ya abiria ya Arusha na Musoma yamekuwa yakikatiza Ngorongoro na Serengeti, abiria wanalipishwa kiingilio, wanapita na kuku wao chini ya viti, huku wanaangalia nyumbu? Kama wanaruhusiwa kulipia kupita, waruhusiwe kulipia kuangalia. Watasema hakuna fedha. Mwaka 2024 wageni kutoka nje walipita milioni 2, na tangu filamu ya Royal Tour ya 2022 hatupumziki kuambiwa jinsi dola zinavyoingia. Bei ya Coaster mbili na boti moja imo humo mahali fulani.

Na ushahidi upo Udzungwa. Hifadhi ile ya 1992 haina barabara za magari ndani, kila mtu anatembea. Basi pale Mang'ula hakuna anayekuuliza umekuja na nini. Mpwa wangu atafika, ataegesha, atalipa, atapewa mtu wa kumwongoza, atapanda hadi maporomoko ya Sanje sawasawa na Mjerumani aliyeshuka kwenye gari la kukodi. Usawa umepatikana kwa kukosa barabara.

Haya, na ninyi. Mnaniudhi mnaposema mbuga ni za Wazungu, huku mkisema kwa raha, kama vile mmetua mzigo. Harusi moja hapo kijijini inakusanya michango inayoweza kupeleka darasa zima Kigoma, na kadi za michango mnanitumia hata mimi, na nalipa. Nani amewahi kunitumia kadi ya safari ya watoto kwenda Gombe? Mashariki kwetu kuna Moyowosi, ardhi oevu ambayo pamoja na Malagarasi iliingia orodha ya Ramsar mwaka 2000, ya kwanza nchini mwetu. Watu wanavuka bahari kumtafuta korongo nyangumi kwenye mafunjo yale, na wawindaji wanailipia dola. Sisi tunaijua kama mahali ambapo fulani alikamatwa akiwa na mizinga ya nyuki. Nikiuliza kama kuna mtoto wa Murungu anayemjua huyo ndege, mnaniuliza nimetuma lini hela.

Hapa Denver nina majirani Wakongo waliokulia kambi ya Nyarugusu. Kiswahili chao kina Kasulu ndani yake, nikiwasikia dukani nageuka nikidhani ni mmoja wenu. Wao walikatazwa kutoka kambini. Miaka na miaka jirani na Gombe, na hawakuwa na ruhusa ya kufika hata Kigoma mjini. Sasa wanawapeleka watoto wao Rocky Mountain kila kiangazi na jiko la mkaa nyuma ya gari. Ninyi nani aliwakataza?

Najua jibu lenu, na dada yangu ameshalitoa kwenye simu: wewe uliyeondoka unatufundisha kukaa. Mzee wangu nilimzika kupitia kioo cha simu, mtandao ukakatika wakati wa udongo, nikapigiwa baadaye kuambiwa imekwisha. Kwa hiyo semeni. Nimeshaapa kiapo cha Marekani, na kwa kuwa nchi yetu haitaki mtu mwenye uraia wa nchi mbili, siku nitakayokuja Gombe nitapanga mstari wa wageni na kulipa dola, mimi niliyezaliwa Murungu. Na nitaingia! Na pasipoti ya watu na gari la kukodi, nitafunguliwa geti na kuitwa bosi. Kijana aliyebaki, mwenye kitambulisho cha taifa mfukoni, ndiye anayegeuziwa njia. Hilo ndilo sipati usingizi nalo, na usingizi wangu ni wa mchana, tayari ni mbaya.

Bunge la bajeti linaanza Aprili, na Maliasili na Utalii watasimama kama kawaida kusoma mafanikio. Mwandikieni mbunge wa jimbo lenu la Muhambwe. Isiwe barua ya kuomba bati za zahanati peke yake, ongezeni na hili. Swali liwe fupi ili lisichakachuliwe: ni lini Wizara itaweka gari la tiketi kwenye mageti ya hifadhi kwa Watanzania wasio na magari, na ianze na geti lipi? Lisainiwe na kijiwe kizima cha bodaboda, na mwalimu mkuu, na yule mzee wa mizinga. Mimi siwezi kusaini, huko sina mbunge tena.

Mpwa wangu asigeuze. Mwambieni achukue barabara ya Kidatu aende Mang'ula, alale gesti, Sanje aipande asubuhi. Tairi la nyuma amesema limeisha meno. Hela ya mafuta nimeiweka kwa namba ya dada, ya tairi itafuata Ijumaa nikilipwa.

Wenu,
Mjomba, Denver